Kilomita ya Kumi na Tano

Upande wa ndani wa mlango wa jikoni, nyumbani kwa Papa Kazadi katika mtaa wa Panda mjini Likasi, rangi ya kijani ilikuwa imefunikwa na namba za chaki. Zilianzia juu, pale mkono wa mwanamume mrefu unapoishia, zikashuka mstari kwa mstari hadi karibu na sakafu. Kila namba ilikuwa na tarehe yake pembeni, ndogo na iliyonyooka kama mshono wa cherehani. Wageni waliopitia jikoni walidhani ni namba za simu. Zilikuwa Jumapili. Jumapili za miaka mitano, kila moja na muda ambao binti yake, Joëlle, aliutumia kukimbia barabara ya Kambove, kwenda na kurudi.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe sita Julai. Chini yake palibaki nafasi ya upana wa kiganja.

Papa Kazadi alikuwa amefanya kazi moja tu maishani mwake. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye lango la karakana za shaba kama pointeur, mtu wa kuandika nani ameingia na ameingia saa ngapi. Alikuwa na saa kubwa ukutani nyuma yake, lakini hakuandika kwa kuitazama hiyo peke yake. Kila mfanyakazi aliyefika alimuuliza, "Umeingia saa ngapi?" Mtu akitaja, alimwambia, "Rudia." Mtu akirudia, naye akigeuka na kuona kwamba kinywa na saa vimekubaliana, ndipo aliposhusha kalamu. Wengine walimcheka kwa hilo. Yeye aliwajibu kwa upole kwamba mtu akishaitaja saa yake mwenyewe mara mbili, kesho hawezi kuja kumgombeza.

Alipostaafu, lango alirudi nalo nyumbani. Mwaka ambao Joëlle alirejea kutoka Lubumbashi na sanduku moja, bila mume na bila maelezo, majirani walikuwa na maswali mengi, na mama yake, Mama Rosalie, alikuwa na maswali zaidi yao. Papa Kazadi hakuuliza kitu. Joëlle alipata kazi ya ukatibu kwa préfet, mkuu wa shule ya sekondari, akawa anaamka mapema kukimbia, kwa sababu saa hizo barabara haikuwa na macho ya watu. Jumapili ya kwanza alikimbia dakika ishirini na mbili, akarudi ameshika kiuno. Alimkuta baba yake ameketi nje kwenye kiti cha kukunja, saa ya mkononi ameivua ameiweka gotini.

"Umeingia saa ngapi?" alimuuliza.

Joëlle alidhani ni utani. Akaitaja.

"Rudia."

Akarudia. Mzee akainuka, akaenda jikoni, akapapasa juu ya fremu ya mlango alikoweka kipande cha chaki, akaandika. Hilo ndilo swali pekee alilomuuliza binti yake mwaka ule wote, na Joëlle aliona kwamba lilimtosha kwa yote mengine ambayo hakuulizwa.

Dakika ishirini na mbili zikawa saa nzima, saa ikawa mbili. Akajiunga na watu wachache waliokimbia pamoja siku za Jumapili, miongoni mwao kinyozi mmoja wa mtaa wa Kikula aitwaye Jimmy, mwembamba, mwenye mdomo uliochelewa kuchoka kuliko miguu yake. Akakimbia marathoni ya Lubumbashi mara ya kwanza kwa saa tano na dakika ishirini, akalia mwisho wa safari kama mtoto. Mara ya pili alitumia saa nne na dakika hamsini na nane. Ya tatu waliipanga pamoja, yeye na baba yake, juu ya meza ya jikoni, kwa utulivu wa watu wanaopanga ujenzi: dakika sita na sekunde arobaini kwa kila kilomita, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

"Kilomita ya kumi na tano, pale njo uangalie," mzee alimwambia zaidi ya mara moja, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. "Pale utajisikia mwepesi. Jasho limekolea, kifua kimefunguka, batu wanapiga makofi. Utataka kuongeza. Usiongeze. Pale utulie."

"Papa, weye umekimbia wapi hata ujue?"

"Minye nimeona batu wakiingia zamu, nimewaona wakitoka. Mwenye kucheka saa ya tatu, jioni anabebwa."

Alipenda pia kwamba mbio zile zilianza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kwa hiyo, alisema, saa ya ukutani na saa ya mkononi mwa mkimbiaji zitasema neno moja: ikigonga saa moja, amekimbia saa moja, ikigonga saa mbili, amekimbia mbili. Hata mtu aliye Likasi, umbali wa kilomita mia na ishirini, ataweza kujua binti yake amefika wapi bila kupiga simu.

Wiki ya pili ya Julai miguu ya mzee ilivimba. Moyo, daktari alisema, akaandika vidonge, na siku kadhaa baadaye akasema uvimbe unapungua. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, mbele ya saa ya ukutani, mahali penye jua la asubuhi, maana baridi ya Julai huingia mifupani. Ijumaa jioni Joëlle alikaa ukingoni mwa kitanda hicho akasema hatakwenda.

"Utakwenda," baba yake alisema.

"Mwaka ujao upo."

"Mwaka ujao upo, ndiyo. Na Jumapili pia ipo." Alikuwa akipumua kwa awamu, kama mtu anayepanda ngazi. "Nenda uniletee saa yako. Nitaingoja hapa. Sina mahali pa kwenda, si unaona miguu?"

Wakacheka wote wawili. Asubuhi ya Jumamosi aliondoka na mdogo wake, Franck, aliyekuwa na gari dogo la teksi. Papa Kazadi aliinua mkono kutoka kitandani bila kuinua kichwa.

*

Mambo ya Jumapili ile Joëlle aliyapanga baadaye mara nyingi sana, kwa mfuatano, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko aliokwisha kuupekua.

Saa kumi na mbili kamili, walianza. Baridi ilikuwa kali, pumzi za watu zilipanda kama moshi wa majiko mengi. Jimmy alikimbia kando yake, akisema bila kukoma.

Kilomita ya tano, ya kumi, kila moja dakika sita na sekunde arobaini. Jua lilichomoza juu ya mabati. Miguu ililegea, mabega yakashuka.

Karibu na kibao cha kumi na tano, mwanamume mmoja aliyebeba ndizi kichwani alisimama akamtazama Joëlle kwa huruma ya kweli.

"Maman, nani anakufukuza?"

"Préfet wa shule!" Jimmy alijibu kabla yake. "Hajamaliza kupiga bulletins, ripoti za batoto!"

Joëlle alicheka. Alicheka mpaka pumzi ikamtoka, akajishika ubavu huku akikimbia, na yule mwenye ndizi naye akacheka, na wanawake waliokuwa wakienda misani wakacheka bila kujua sababu. Alitazama saa mkononi: saa moja na dakika arobaini, barabara kabisa, kama walivyopanga mezani. Alijisikia mwepesi. Alikumbuka kwamba mahali hapa ndipo alipoambiwa atulie. Akaongeza mwendo.

"Doucement, polepole, Madame Secrétaire!" Jimmy aliita nyuma yake. "Préfet mwenyewe bado amelala!"

Hakupunguza. Kwa kilomita nane au tisa alikimbia kama mtu aliyesamehewa.

Kilomita ya thelathini, Franck alikuwa akimngoja na chupa ya maji, kama walivyopatana. Alimwona toka mbali, amesimama peke yake, mbali kidogo na watu wengine, chupa ameishika kwa mikono miwili. Joëlle alipoichukua aliona kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu, yameshikwa muda mrefu.

"Papa amepiga simu?"

"Kimbia, Yaya," Franck alisema; ndivyo alivyomwita dada yake siku zote. "Kimbia tu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alianza kukimbia kando yake, na viatu vyake vya ngozi vya Jumapili, funguo za gari zikilia mfukoni. Alikimbia karibu kilomita nzima, uso umeelekezwa mbele, mpaka akabaki nyuma ameinama, mikono magotini. Joëlle aligeuka mara moja kumtazama. Moyo wake ulijaa. Alidhani mdogo wake anajivunia yeye.

Kilomita ya thelathini na tano ilimtoza alichokichukua kwenye ya kumi na tano. Mapaja yakawa mawe. Jimmy alimpita kwenye ya thelathini na saba, akamgusa bega bila utani. Aliingia saa nne, dakika arobaini na tatu, sekunde tisa. Alikuwa amechelewa dakika mbili kwa mpango wa mezani, lakini alikuwa amempita Joëlle wa mwaka uliopita kwa dakika kumi na tano. Aliyasema maneno hayo kimya kimya, mara mbili, kujizoeza: saa nne, dakika arobaini na tatu, sekunde tisa.

Franck alimkumbatia. Alikuwa akilia waziwazi, mabega yakitikisika.

"Wacha kulia basi," Joëlle alimwambia akimpapasa kisogo. "Sijafa."

*

Kwao habari ya kifo hapewi mtu aliyesimama, wala mtu aliye safarini. Mtu huyo huletwa nyumbani kwanza, akiitwa kwa sababu nyingine yoyote, ndogo na nyepesi. Huketishwa. Watu humkaribia pande zote, mmoja nyuma, wawili ubavuni, kwa sababu mwili hauna budi kuwa na pa kuangukia. Ndipo mkubwa wao husema. Mama Rosalie alipompigia simu Franck saa mbili na dakika tano asubuhi ile, hakuhitaji kumweleza. Alisema tu, "Baba yenu ametuacha. Dada yako umlete." Na Franck, aliyebakiwa na zaidi ya saa moja ya kungoja kando ya barabara na chupa mkononi, alijua kila alichotakiwa kufanya, na kila alichokatazwa.

Simu ya Joëlle ilikuwa kwake tangu alfajiri. Alipoiomba, alimwambia betri imekwisha. Njiani kurudi Likasi redio haikuwashwa. Jimmy, aliyeketi nyuma, alikuwa ameshaambiwa; alivuta kofia usoni akajifanya amelala. Joëlle peke yake ndiye aliyeongea. Alikula ndizi tatu. Aliisimulia hadithi ya mwenye ndizi na préfet mara mbili, ya pili akiigiza sauti. Aliimba. Alisema atampa mzee saa yake polepole, ataanza na sekunde ili amchokoze.

Franck hakuingia Panda kwa barabara kuu. Alizunguka kwa nyuma, akapita uchochoro ambao gari lilikwaruza ukuta, na Joëlle alimcheka kwa hilo pia. Hakujua kwamba mbele ya nyumba viti vilikuwa vimeshapangwa na turubai limeshafungwa.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, ule wenye namba. Ndani palikuwa na wanawake wengi, kimya, na wote walisimama kwa pamoja. Shangazi yake Philomène alivuta kiti.

"Ikala kwanza, Jo."

Alijua. Alijua kabla ya neno la pili, kwa namna kiti kilivyovutwa. Alitaka kusema hapana. Alitaka pia kuketi, kwa kuwa alifikiri kama mtoto, kwamba akiketi haraka pengine itakuwa habari nyingine. Lakini miguu yake, iliyokuwa imekimbia kilomita arobaini na mbili na kisha kukakamaa garini kwa saa mbili, ilikataa kukunjika. Alisimama mbele ya kiti, amenyooka kama mlingoti, akijaribu. Wanawake wakamzunguka. Mmoja alimshika kiuno, wawili wakamshika makwapani, mwingine akapiga magoti akamkunja miguu kwa mikono yake, mguu wa kwanza, kisha wa pili, jinsi wanavyofanyiwa wagonjwa. Alilia kwa maumivu ya mapaja kabla hajalia kwa lile jingine. Ilichukua muda mrefu. Na muda wote huo, mpaka alipogusa kiti, hakuna aliyesema.

*

Joëlle aliuliza saa ya kifo siku ya tatu, baada ya maziko. Mama Rosalie alijibu bila kumtazama: saa moja na dakika arobaini. Padri aliambiwa, na watu wote waliokuja waliambiwa, kwamba mzee alifariki akisali Baba Yetu, na kwamba alikuwa mtulivu.

Saa moja na dakika arobaini. Joëlle hakuhitaji kalamu. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba siku ile saa zote zingesema neno moja.

Tangu hapo hakuketi tena alipoambiwa aketi. Ofisini alipiga barua akiwa ameinama juu ya meza. Misani alisimama nyuma, karibu na maji ya baraka. Chakula alikula akitazama nje dirishani, sahani mkononi. Viatu vyake vya kukimbilia vilibaki katika mfuko wa plastiki na vumbi la Lubumbashi ndani yake. Joëlle pia hakumsemesha Franck. Hakumtukana, hakumfukuza, alipita kando yake kama mtu apitavyo kando ya nguzo. Franck alikuja kila jioni, akaketi na mama yao, akaondoka.

Jimmy alimfuata shuleni wiki ya nne. Alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi.

"Madame Secrétaire. Wananiambia hata barabara umeiacha."

"Nina kazi."

"Mudogo wako anakonda. Nimemunyoa juzi, kichwa chote mifupa."

Joëlle aliendelea kupiga tarakimu.

"Alikuwa na simu mfukoni," alisema hatimaye. "Alinitazama machoni. Nilimuuliza habari ya Papa, akaniambia nikimbie. Nilicheka, Jimmy. Katika gari niliimba. Wewe ulinisikia nikiimba."

"Nilikusikia."

"Basi."

Jimmy aliingia hatua moja ndani.

"Ulitaka akuambie wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi. "Nimefikiri sana usiku na mchana. Ya thelathini, ukiwa umesimama barabarani katikati ya batu usiowajua? Mwisho, pale wanapiga muziki? Ndani ya gari, tuko wawili tu wanaume, hakuna mama wa kukushika? Niambie kilomita, Joëlle. Nitamuambia kama alikosea."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Joëlle alitafuta kilomita hiyo. Aliitafuta kwa uaminifu, kuanzia ya thelathini hadi mlango wa jikoni, akisimama kwenye kila moja, na hakuiona. Lakini kukosa jibu hakukumpunguzia kitu. Kilichomuuma kilikuwa mahali pengine, kwenye ya kumi na tano, na hapo Franck hakuwapo.

*

Jumamosi ya siku ya thelathini na tano, Franck alikuja na ndoo mbili za rangi. Misa ya siku arobaini ilikuwa imekaribia, na nyumba haitolewi matanga kabla haijapakwa. Joto la Agosti lilikuwa limeanza. Madirisha yote yalikuwa wazi. Alitandika magazeti sakafuni, akapaka sebule tangu asubuhi, kwa mpangilio, ukuta kwa ukuta. Mama Rosalie alikuwa ameketi kwenye mkeka wake wa ujane, mahali palepale kilipokuwa kitanda, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi. Joëlle alikuwa jikoni, anachambua mchicha akiwa wima.

Franck alipoukaribia mlango wa jikoni, ulioonekana moja kwa moja kutoka mkekani, mama yao alisema:

"Huo uache kwanza. Toka nje kidogo, Franck." Kisha: "Jo. Kuja."

Joëlle alikuja, akasimama.

"Ikala."

"Nasikia nikiwa hivi, Mama."

"Mutoto yangu, minye siwezi kusema na magoti yako. Ikala."

Kulikuwa na kitu katika sauti hiyo, uchovu mkubwa kuliko wa kilio. Joëlle alishuka mkekani. Miguu ilikunjika vyema, haikuuma hata kidogo, na hilo lenyewe lilimtia uchungu.

"Nilidanganya batu," Mama Rosalie alisema. "Nilimudanganya na Padri. Baba yako hakusema Baba Yetu."

Joëlle alingoja.

"Aliamka na jua. Nilikuwa namupa uji. Akaniuliza, 'Jo iko wapi?' Nikamutazama uso, nikaona. Weye hujui, lakini ukiwa umeosha wafu wawili watatu, unaona. Nikaogopa. Nikamuambia, 'Iko karibu. Amefika Kikula, sasa hivi anaingia.' Nilitaka akungoje. Nilifikiri, akisikia uko karibu atashika roho, atakungoja." Alikunja upindo wa nguo yake, akaukunjua. "Akageuka akaangalia saa. Ile pale. Unajua vile alikuwa anaangalia saa, kama anamuangalia mutu. Akaniambia, 'Apana, Rosalie. Jo iko kwa kumi na tano.' Hakukasirika. Akafunga macho. Halafu akasema, 'Atulie. Pale atulie.' Njo neno la mwisho. Atulie."

Nje, Franck alikuwa akikoroga rangi. Kijiti kilisikika kikigonga ndoo.

"Miaka arobaini na moja nimekaa naye," mama yake aliendelea, "na kitu cha mwisho nilimupa ni uongo. Na alijua. Ningesemaje hilo mbele ya batu? Hata hiyo kumi na tano sikuielewa. Nilifikiri ni homa. Nikaona haya, nikaweka sala pale pa maneno yake."

Joëlle aliitazama saa ya ukutani. Hakuwahi kuitazama kutoka chini namna hii, kutoka usawa wa mto wa mgonjwa. Mishale yake ilionekana mirefu zaidi. Aliona jinsi mtu aliyelala hapa, asiye na mahali pa kwenda, angeweza kuifuata tangu saa kumi na mbili, dakika sita na sekunde arobaini, dakika sita na sekunde arobaini, akitia alama kimoyomoyo, asiseme kitu mpaka alipoulizwa.

"Haikuwa homa, Mama," alisema. "Alinipata. Nilikuwa palepale."

"Pale wapi?"

"Kilomita ya kumi na tano. Ni mahali ambapo mtu anajisikia mwepesi. Anataka kuongeza mwendo. Papa alikuwa ananikataza. Kila siku alinikataza."

Mama Rosalie alilichukua neno hilo taratibu, akaligeuza, kama anayepewa chombo cha watu asichojua matumizi yake.

"Na ulitulia?"

Jibu lilikuwa limemngoja Joëlle kwa siku thelathini na tano.

"Hapana, Mama. Nilikuwa nacheka. Mtu wa ndizi alikuwa ameniuliza nani ananifukuza. Nilicheka, nikaongeza."

Mabega ya Mama Rosalie yalianza kutikisika. Joëlle hakuweza kujua kama ni kicheko au ni lile jingine, na pengine mama yake mwenyewe hakujua. Alimvuta binti yake kichwa akakilaza kwenye nguo nyeusi, akawa anasema juu ya nywele zake, "Anakutuliza. Anakata roho, na anakutuliza. Na weye unaongeza. Weye na baba yako. Weye na baba yako." Walikaa hivyo mpaka jua lilipohama kutoka mkekani.

Walipoinua macho, Franck alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Brashi ilikuwa mkononi mwake, imejaa, ikidondosha rangi nyeupe kwenye gazeti, tone baada ya tone. Alikuwa amekonda kweli. Aliutazama ule mlango, wala si dada yake.

"Huu niupake, ao niuache?" aliuliza, akimuuliza mama yake, kwa kuwa alishazoea kutojibiwa na yule mwingine.

Mama Rosalie alimgeukia Joëlle. Joëlle alibaki ameketi. Kutoka pale chini aliona mlango wote kwa mara ya kwanza, Jumapili zote, hadi ile nafasi ya kiganja chini kabisa. Ilimjia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ameingia saa ngapi. Siku ile haikuwa na pa kuuliza, na baadaye ingekuwa aibu. Jibu lake alikuwa amelibeba peke yake tangu Lubumbashi, akilirudia kimoyomoyo mpaka limekosa sauti.

"Saa nne," alisema. "Saa nne, dakika arobaini na tatu, sekunde tisa."

Franck hakuelewa mara moja. Kisha akaiweka brashi juu ya ndoo, kwa uangalifu, isianguke. Akafuta mkono kwenye suruali, upande mmoja, upande wa pili. Akaunyosha akapapasa juu ya fremu mpaka vidole vikakipata kipande cha chaki. Akachuchumaa mbele ya mlango, chini ya tarehe sita Julai, chaki imegusa mbao, haisogei.

"Rudia," alisema, bila kugeuka.